Mpira wa vipindi, wa kudumu, wa tumboni au kondomu ya mkojo? Kuchagua njia ya kutoa mkojo baada ya kuvunjika shingo majini

Anayejirusha majini kichwa mbele na kukuta maji ni mafupi, mara nyingi huvunjika shingo kwenye pingili ya tano au ya sita. Pwani ya Afrika Mashariki maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, kwa hiyo penye kina cha kumfunika mtu maji yakijaa, saa sita baadaye panamfika magotini. Mtoni na ziwani huwa ni mwamba au gogo lisiloonekana. Wengi wanaoumia ni vijana wa kiume. Wakiokolewa mapema hutoka majini wakiwa na akili zao timamu, ila miguu haisogei na vidole havishiki.

Wodini maswali yote huwa ya kutembea. Habari ya mkojo hukumbukwa siku ya kuruhusiwa, na hapo jibu huwa limeshajipanga lenyewe: mgonjwa anarudi nyumbani na mpira wa mkojo (katheta) uleule aliowekewa siku ya ajali. Mpira ule uliwekwa kwa haraka na kwa sababu ya msingi, kwani kibofu kilikuwa hakifanyi kazi na madaktari walihitaji kupima mkojo. Haukuwekwa kama uamuzi wa miaka arobaini ijayo. Uamuzi huo unapaswa kufanywa upya, kwa kuangalia mikono ya mgonjwa, presha iliyo ndani ya kibofu chake, na watu alio nao nyumbani.

Si jambo dogo. Kabla ya huduma maalumu kuenea, figo zilizoharibiwa na mkojo ndizo zilizokuwa zikiwamaliza watu wenye jeraha hili. Ludwig Guttmann, aliyefungua kitengo cha uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alisisitiza kutoa mkojo kwa vipindi kwa vifaa vilivyotakaswa kabisa. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Marekani akaonyesha kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe nyumbani kwa mpira ulio safi tu, bila utaratibu wa chumba cha upasuaji. Kuanzia hapo maisha ya wengi yakarefuka.

Kibofu kinafanya nini baada ya jeraha

Wiki za mwanzo kibofu hulegea. Kinajaa, kinavimba, hakijibani. Kwa wengi hali hii hudumu wiki 6 hadi 12. Baadaye, kwa waliovunjika shingo, kibofu huanza kujibana chenyewe bila amri ya ubongo. Familia hufurahi kuona shuka limelowa, zikadhani mishipa imerudi. Shida ni kwamba mara nyingi mlango wa kibofu nao hujikaza wakati huohuo. Kibofu kinasukuma huku mlango umefungwa. Mkojo kidogo unachuruzika, mwingi unabaki, na presha inapanda hadi kuelekea kwenye figo. Figo zinaweza kuharibika hivyo kwa miaka bila maumivu yoyote. Kwa hiyo kulowa si dalili kwamba kibofu kimejimwaga.

Vigezo vya kupimia kila njia

*Mikono.* Kwenye faili utakuta herufi na namba: C ni shingo, na namba ni ngazi ya jeraha; namba ikiwa ndogo, jeraha liko juu zaidi. Mwenye C5 anakunja kiwiko lakini hawezi kuinua kiganja. Mwenye C6 anaweza kukiinua kiganja juu, na anapofanya hivyo vidole vyake hujikunja vyenyewe na kidole gumba hugusa cha shahada. Mshiko huo dhaifu unatosha kushika mpira wa mkojo, kijiko au kalamu. Mwenye C7 ananyoosha kiwiko, na kuanzia C8 vidole vinakunjika kwa nguvu yake mwenyewe.

Hapa tutoe tahadhari ambayo wengi huipata wakiwa wamechelewa. Ndugu anayemnyoosha mgonjwa viungo asivute vidole vikanyooka huku kiganja kimeinuliwa juu. Kano za vidole zikirefuka, mshiko wa C6 hupotea, na pamoja nao uwezekano wa kujitoa mkojo mwenyewe. Unyooshe vidole kiganja kikiwa kimeshuka. Ukikiinua kiganja, viache vidole vijikunje. Ndivyo ilivyo pia anapojiegemeza kitandani: aegemee kwa ngumi iliyolegea, si kwa vidole vilivyotandazwa.

*Presha ya kibofu.* Kuna kipimo maalumu ambamo kibofu hujazwa maji polepole huku presha ikisomwa. Hakipatikani kila hospitali. Kisipopatikana, angalau ipigwe ultrasaundi ya figo na kibofu, na upimwe mkojo unaobaki baada ya kukojoa.

*Msaidizi.* Usiishie kuuliza kama yupo. Uliza yupo saa ngapi, kila siku, kwa muda gani.

*Maji safi, vifaa na umbali wa zahanati.* Njia nzuri ambayo vifaa vyake huisha katikati ya mwezi inakuwa mbaya kuliko ya wastani inayopatikana mwezi mzima.

*Jinsia, ndoa na ibada.* Haya husemwa kwa sauti ya chini, lakini ndiyo humfanya mtu aishike njia au aiache.

Hatari moja inayozihusu njia zote nne

Kwa aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, na hapo wamo wote waliovunjika shingo, kibofu kilichojaa kupita kiasi kinaweza kupandisha presha ya damu ghafla hadi kumpasua mtu mshipa wa ubongo. Madaktari huiita disrefleksia. Kichwa kinagonga, uso na shingo vinaiva na kutoa jasho, pua inaziba, na ngozi ya chini ya jeraha inaweza kupoa na kusimamisha vinyweleo.

Mketishe wima mara moja, miguu ining'inie. Legeza mkanda, nguo na viatu. Kagua mpira: umejikunja? amekalia bomba? mfuko umejaa? Kama hana mpira, mtoe mkojo sasa hivi. Kibofu kikiwa kitupu na hali haijatulia, angalia kama choo kigumu kimejaa, kidonda, au kucha iliyoota ndani ya nyama. Usimlaze.

Mjulishe pia mhudumu wa afya jambo hili: kwa mtu aliyevunjika shingo namba ya juu ya kipimo cha presha huwa 90 hadi 110 siku zote, kwa hiyo 140, ambayo kwa mwingine isingemshtua nesi, kwake inaweza kuwa dharura. Kupanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida yake kunatosha kuchukua hatua. Na kama ametumia dawa ya nguvu za kiume leo au jana, aseme kabla hajapewa dawa ya kushusha presha, kwa sababu baadhi yake zikikutana huishusha kupita kiasi.

1. Mpira wa vipindi

*Inavyofanya kazi.* Mpira mwembamba usio na puto huingizwa, mkojo unatoka wote, kisha mpira unatolewa. Kati ya kipindi na kipindi hakuna kitu mwilini. Ratiba ya kuanzia kwa mtu mzima ni mara 4 hadi 6 kwa siku: mathalani saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Lengo ni kibofu kisibebe zaidi ya mililita 500 wakati wowote. Kwa hiyo kila mkojo upimwe kwenye jagi lenye alama, hasa wiki za mwanzo. Ukipata 650, dawa yake ni kuongeza kipindi kimoja. Anywe lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, zikigawanywa, na apunguze saa mbili tatu kabla ya kulala. Hata hivyo wengi hukuta mkojo wa usiku ni mwingi kuliko wa mchana. Maji yaliyokuwa yamekaa kwenye miguu iliyovimba kitini hurudi kwenye damu mtu anapolala. Kuinua miguu jioni kwa muda wa saa moja kabla ya kipindi cha mwisho hupunguza tatizo.

*Vifaa na hatua.* Mwanaume mzima hutumia namba 12 au 14. Ncha ya nje ikiwa nyeupe ni 12, ya kijani ni 14. Osha mikono kwa sabuni. Vuta govi nyuma kama lipo, osha kichwa cha uume kwa maji na sabuni. Paka mpira jeli ya maji kwa urefu wa sentimita 15 hadi 20. Usitumie mafuta ya kupaka wala ya kupikia. Shika uume ukiwa umenyooka kuelekea tumboni, sukuma polepole. Karibu na mwisho mpira hukwama kwenye mlango wa kibofu. Hapo ndipo wenye haraka huharibu. Usilazimishe: acha mkono palepale kwa msukumo mdogo, subiri, mkazo utaachia. Mkojo ukianza, sukuma sentimita 2 au 3 zaidi. Ukiisha, vuta taratibu na usimame kila unapoona umeanza tena, kisha rudisha govi mahali pake. Govi likisahaulika nyuma, kichwa cha uume huvimba na hugeuka dharura.

Kwa mwanamke njia ya mkojo ina sentimita 4 tu. Msaidizi atenganishe midomo ya uke, na atafute tundu dogo lililo juu ya tundu la uke. Mpira ukiingia ukeni kwa bahati mbaya, uache hukohuko uwe alama, chukua mwingine usogeze juu kidogo.

Pakiti husema mpira utumike mara moja. Hali halisi ya nyumba nyingi za kwetu ni kwamba hurudiwa. Anayelazimika kurudia aoshe palepale kwa sabuni, apitishe maji safi ndani kwa bomba la sindano, aning'inize ukauke kabisa, auhifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Ukiwa mgumu, una ukungu au nyufa, utupwe. Ile iliyopakwa utelezi wa kiwandani hairudiwi kamwe. Na mpira wa mtu mmoja usitumiwe na mwingine hata kama ni ndugu.

*Kinachoharibika.* Watu hulaumu uchafu kwa kila maambukizi. Mara nyingi kosa ni ratiba. Kibofu kilichoachwa kivimbe hupungukiwa damu kwenye kuta zake, na bakteria hupata nafasi. Jingine ni kuingiza mpira mkavu, ambako hukwaruza na baadaye njia hubana kwa kovu. La tatu ni kuvuja kati ya vipindi; hapo daktari huongeza dawa ya kutuliza kibofu kama oksibutinini, ambayo hukausha mdomo na kufanya choo kiwe kigumu, au sindano za botoksi ndani ya kibofu pale zinapopatikana.

*Inamfaa nani.* Mwenye C7 kushuka chini anayetaka kujitegemea. Mwanaume wa C6 anaweza, akifundishwa na mtaalamu wa tiba kazi, akiwa na pete kwenye zipu ya suruali na kishikizo cha mpira kinachofungwa mkononi. Mwanamke wa C6 kwa kawaida hukwama si kwenye mpira bali kwenye kuvua nguo na kutenganisha mapaja akiwa kitini. Mwenye C5 anahitaji mtu mwingine mara tano kwa siku, sikukuu na siku za kazi, na mtu huyo hawezi kuajiriwa mbali. Vitabuni hii ndiyo njia inayowekwa mbele kwa afya ya kibofu. Katika nyumba ambayo mama peke yake ndiye msaidizi na pia ndiye muuza genge, vipindi vitano hugeuka vitatu, na vitatu ni hatari kuliko mpira wa kudumu uliotunzwa.

2. Mpira wa kudumu kupitia njia ya mkojo

*Inavyofanya kazi.* Mpira wenye puto ndogo hukaa kibofuni saa zote na mkojo hushuka kwenye mfuko. Namba 14 au 16 yenye puto ya mililita 10 inamtosha mtu mzima. Wa lateksi hubadilishwa kila wiki 2 hadi 4. Wa silikoni tupu unaweza kukaa hadi wiki 12, ingawa unaoziba haraka haungoji kalenda.

*Vifaa na hatua.* Kubadilisha ni kazi ya nesi au ndugu aliyefundishwa. Sehemu mbili ndizo za kuangaliwa. Kwanza, kwa mwanaume mpira uingizwe hadi kwenye njia panda yake, pale unapogawanyika mara mbili kwa nje, na mkojo uonekane, ndipo puto ijazwe. Puto ikijazwa ikiwa bado kwenye njia ya mkojo huichana, na mgonjwa asiyehisi maumivu hatapiga kelele; atatoka jasho la uso na presha itapanda. Pili, puto ijazwe maji yaliyotakaswa, si hewa wala maji ya chumvi ya dripu, kwani chumvi inaweza kuganda kwenye kijinjia na siku ya kuitoa puto ikagoma.

Kila siku pasafishwe kwa maji na sabuni ya kawaida. Dawa kali za kuua vidudu hazihitajiki. Mfuko uwe chini ya kibofu daima lakini usiguse sakafu, umwagwe ukifika nusu au theluthi mbili. Mpira ufungwe kwa plasta au mkanda: kwa mwanaume juu ya tumbo au paja la juu, kwa mwanamke kwenye paja, na ubadilishwe upande.

*Kinachoharibika.* Mfuko uliojaa unaoning'inia bila kufungwa huvuta mpira chini siku baada ya siku, na uume hupasuka taratibu upande wa chini. Kwa kuwa hauumi, hugunduliwa umeshafika mbali, na kuurekebisha ni upasuaji. Kwa mwanamke, mpira hupanua njia hadi mkojo unapita pembeni. Hapo hufanyika kosa linalozaa makosa: anawekewa namba kubwa zaidi na puto kubwa zaidi. Njia hupanuka tena. Kuvuja pembeni mara nyingi ni kibofu kinachojibana au mpira ulioziba, na tiba yake ni hiyo, si unene.

Mpira unaoziba kila wiki unaashiria mawe kibofuni. Baadhi ya bakteria hufanya mkojo ugande kama chokaa. Ukisikia chembechembe kama mchanga kwenye ncha ya mpira uliotolewa, omba ultrasaundi. Anayetumia mpira wa kudumu zaidi ya miaka kumi yumo pia kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya kibofu, kwa hiyo damu kwenye mkojo isiyoelezeka isipuuzwe.

Kuna desturi ya kubana mpira kwa saa kadhaa ili kukifundisha kibofu. Kwa aliyevunjika shingo usikubali. Haifundishi chochote, na kusahau kuufungua ni njia ya moja kwa moja ya kuleta ile presha ya ghafla.

*Inamfaa nani.* Wiki za mwanzo, wote. Baada ya hapo, asiye na mikono wala msaidizi wa mara kwa mara, na aishiye mbali na hospitali inayoweza kumwekea wa tumboni. Pia ni suluhisho la muda: mwenye kidonda cha makalio kinacholowa, safari ndefu ya basi, msiba, msimu wa ukame wa maji nyumbani.

3. Mpira wa tumboni

*Inavyofanya kazi.* Ni mpira wa puto uleule, ila unapita kwenye tundu dogo lililotobolewa juu kidogo ya mfupa wa kinena. Kutoboa ni upasuaji mdogo. Hata kama mgonjwa hahisi tumbo lake, apewe ganzi na presha ifuatiliwe, kwa sababu mwili wake unaitikia kisu hata kama ubongo haupati habari. Hutumika namba 16 au zaidi.

*Vifaa na hatua.* Mpira wa kwanza hubadilishwa hospitalini baada ya wiki 4 hadi 6 tundu likishakomaa, kisha karibu kila mwezi. Kubadilisha ni rahisi ukiwa umejiandaa: weka alama kwenye mpira wa zamani usawa wa ngozi, punguza puto, utoe, na papo hapo ingiza mpya hadi urefu uleule. Ukiuzamisha mno ncha huingia kwenye njia ya mkojo, na puto hujazwa pasipostahili. Mpira ukichomoka, tundu huanza kujifunga ndani ya dakika 30 hadi 60. Kwa hiyo mpira wa akiba, jeli, bomba la sindano na maji yaliyotakaswa vikae kwenye mkoba wa kiti cha magurudumu, na si kabatini.

*Kinachoharibika.* Mawe na maambukizi ni yaleyale ya mpira wa kudumu. Mkojo unaweza kuendelea kuvuja kwa njia ya kawaida. Nyama nyekundu huota pembeni mwa tundu na kutoa damu kidogo. Hiyo hutibika zahanati. Tatizo kubwa la kwetu ni watumishi: kituo kidogo cha afya kinaweza kukataa kugusa tundu la tumboni na kumrudisha mgonjwa safari ya kilomita nyingi. Kabla ya kukubali upasuaji, ndugu wawili wafundishwe kuubadilisha na wafanye wakisimamiwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye C5 kwenda juu, wanawake wa C6, na yeyote ambaye njia ya mkojo imeshaharibika. Kwa wanandoa ndiyo mpira wa kudumu usiokaa njiani; hufunikwa kwa plasta ukalazwa tumboni. Kusafisha ni rahisi pia mtu akiwa amekaa. Na haikufungi maisha: ukiamua kuacha, mpira hutolewa na tundu hujifunga lenyewe.

4. Kondomu ya mkojo

*Inavyofanya kazi.* Ni ya wanaume pekee. Ala huvishwa uume, kibofu kinajibana chenyewe, mkojo unapita kwenye bomba hadi mfukoni. Hakuna kinachoingia mwilini.

*Vifaa na hatua.* Pima unene wa uume kwa karatasi ya kipimo ya mtengenezaji. Punguza nywele kwa mkasi, usinyoe. Osha, kausha kabisa, usipake mafuta. Vingirisha ukiacha nafasi ya sentimita 1 au 2 mbele ya kichwa, kisha ushike kwa kiganja nusu dakika gundi ikamate. Badilisha kila siku na ukague ngozi.

*Kinachoharibika.* Kubwa ni lile lisiloonekana: mkojo unatoka, wote wanaridhika, kumbe kibofu kinasukuma dhidi ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo kabla ya kuichagua, mgonjwa akishakojoa, mkojo uliobaki utolewe kwa mpira na upimwe. Ukiwa chini ya mililita 100 na ultrasaundi ya figo ni safi, kuna matumaini. Daktari wa njia ya mkojo ndiye wa kuthibitisha presha. La pili ni kufunga. Kondomu za kawaida, zile za kujamiiana, huungwa na bomba na kukazwa kwa mpira wa manati au plasta ya kuzunguka. Uume usiohisi hauwezi kulalamika, na nyama inaweza kufa kwa usiku mmoja.

*Inamfaa nani.* Mwanaume mwenye presha ndogo ya kibofu, hasa wa C5 au C6 ambaye msaidizi wake yupo asubuhi na jioni tu.

Kuhusu kubonyeza tumbo kwa ngumi ili mkojo utoke, ambako bado hufundishwa mahali pengine: huongeza presha ileile tunayoikimbia, na kwa aliyevunjika shingo mlango hujikaza zaidi. Tusiiweke kwenye orodha.

Mambo yasiyobadilika kwa njia yoyote

Mkojo wa mwenye mpira utakutwa na bakteria karibu kila upimwapo. Antibayotiki zitolewe kwa dalili: homa, kutetemeka, mikakamao ya miguu iliyoongezeka ghafla, kuvuja kusiko kwa kawaida, disrefleksia. Kutibu karatasi ya maabara kila mwezi huzaa vidudu visivyosikia dawa, na siku ya homa ya kweli hakuna kilichobaki.

Ultrasaundi ya figo na kibofu ipigwe kila mwaka. Kipimo cha damu cha kuangalia figo, yaani kreatinini, peke yake kinadanganya, kwa sababu mtu aliyepoteza misuli huonyesha namba nzuri hata figo zikiwa zimechoka.

Mwislamu mwenye mfuko hakosi swala. Fikihi ina hukumu inayojulikana ya mwenye mkojo usiozuilika: hutawadha kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia, akaswali. Maelezo ya mfuko amuulize sheikh wake. Funga ya Ramadhani ni habari nyingine. Kukaa bila maji mchana kutwa huongeza mawe na maambukizi, na inastahili mazungumzo na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Kwa hali yako

Kama bado ni miezi mitatu ya kwanza na mikono inaendelea kurudi, baki na njia inayoweza kubadilishwa. Usikubali upasuaji wa kukata mlango wa kibofu wakati huu, huo haurudishwi.

Kama ni mwanaume wa C6 na una kitengo karibu, iwe Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo Nairobi, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC Moshi, omba ujaribiwe mpira wa vipindi kwa mikono yako mwenyewe kabla hujaruhusiwa. Ukifanikiwa kwa vipindi vitatu kati ya vitano, viwili vilivyobaki msaidizi anavimudu.

Kama ni mwanamke uliyevunjika shingo na unataka kutoka nyumbani, kusoma au kufanya kazi, linganisha mpira wa tumboni na vipindi vya kusaidiwa, kwa kuhesabu saa za msaidizi kwa wiki. Hospitali kubwa chache hutengeneza njia ya kitovuni kwa kutumia kidole tumbo, ili mpira wa vipindi upitie hapo bila kuvua nguo. Ni upasuaji mkubwa na unahitaji mkono unaoweza kushika.

Kama ni C4 au C5, na msaidizi ni mmoja, wa tumboni hupunguza kazi kuliko zote, mradi mpira wa akiba upo na mtu wa kuubadilisha yupo kijijini. Asipokuwepo, mpira wa kudumu wa silikoni uliofungwa vizuri tumboni, na tarehe ya kubadilisha iliyoandikwa kwa kalamu juu ya mfuko.

Kama msaidizi yupo usiku na asubuhi lakini mchana uko peke yako, njia zinaweza kuchanganywa: kondomu mchana kwa mwanaume mwenye presha ndogo, mpira wa vipindi asubuhi na usiku kumaliza mkojo unaobaki.

Na kama umeshatumia mpira wa kudumu miaka kadhaa na hujawahi kuulizwa iwapo unataka njia nyingine, kliniki ijayo nenda na mambo matatu yaliyoandikwa: mpira unaziba kila baada ya siku ngapi, mara ngapi umepata homa mwaka huu, na picha ya hali ya ngozi pale mpira unapoingilia. Hayo matatu ndiyo yatakayomwonyesha daktari kama kuna haja ya kubadilisha.